Mzigo Uko kwa Kuria

Jirani yetu alichafuliwa jina mtaa mzima kwa sababu ya neno moja lililoingia kwenye simu ya mama mkwe wangu, na mpaka leo nikilikumbuka jambo lile moyo unaniuma. Nalisimulia kwa kuwa najua nyumba nyingi za huku kwetu zinaletewa mizigo na watoto walioko mijini, na ujumbe wa namna ile unaingia kwenye simu za wazazi kila siku.

Tunakaa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Mume wangu yuko mgodini upande wa Kakola na huonekana nyumbani zamu yake ikiisha. Mimi nafundisha shule ya msingi. Nyumba ameishika mama, mama yake mume wangu, na hakiingii kitu wala hakitoki bila yeye kujua. Mwezi ule tulikuwa na sendofu ya wifi yangu wa mwisho. Ng'ombe wa mahari walishaletwa, kamati ilishakaa, michango ilishaandikwa kwenye daftari. Kilichobaki ni sare. Wanawake wa ukoo na wenzetu wa kikoba walikubaliana kitenge cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa, kila mmoja akatoa hela yake mapema. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anauza vitambaa Kariakoo, kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa kazi ya kununua na kutuma. Kwenye mzigo huohuo aliweka na miwani ya mama. Mama alipokwenda kumtembelea Dar es Salaam, shemeji alimpeleka kupimwa macho, lakini miwani ikachelewa kutengenezwa, mama akarudi mikono mitupu.

Jumanne jioni ujumbe ukaingia. Aliyeusoma ni mjukuu wake wa darasa la sita, mtoto anayependa kusoma kwa sauti mpaka majirani wasikie: "Mama shikamoo. Mzigo tayari uko kwa kuria, Alhamisi mtakuwa nao."

Mama akamwambia asome tena. Mtoto akasoma tena.

"Uko kwa Mkurya," mama akasema. "Basi umeshafika."

Akaizima simu, maana simu yake ni kitochi na chaji ya dukani ni ya kulipia, hivyo huiwasha anapoihitaji. Niliporudi kutoka shuleni habari niliyopewa ni hiyo tu, kwamba mzigo uko kwa Mkurya, na sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Mtaani kwetu ukisema Mkurya hakuna anayeuliza yupi. Ni mtu wa Tarime aliyekuja zamani kutafuta dhahabu kwenye maduara, akachoka kushuka chini, akanunua karasha. Karasha ndiyo mashine inayosaga mawe ya wachimbaji wadogo kabla hayajapelekwa kwenye mwalo kuoshwa, na kelele zake ndizo zinazotuamsha asubuhi. Wiki ile alikuwa ametoka Mwanza kununua vyuma vya mashine, na kila akisafiri hurudi na vitu vya watu: dawa ya kuku ya huyu, betri ya sola ya yule, madaftari ya watoto. Mama aliposikia mzigo uko kwake, alisikia jambo la kawaida kabisa.

Na kwa kweli mizigo ya Kharumwa siku zote imekuja mikononi mwa mtu anayejulikana. Tuna milango miwili, upande wa Geita na upande wa Kahama kwa kupitia Kakola, na katika milango yote miwili ulikuwa unaambiwa basi fulani, namba zake hizi, konda ni kijana mrefu mwenye kofia nyekundu, ukifika mpe elfu mbili. Kutoka barabara kuu mzigo unapanda mchomoko, zile gari ndogo zinazobeba watu mpaka zinainama, na kutoka stendi unapanda bodaboda. Dereva wa bodaboda haulizi mtaa, anauliza ni kwa mama nani. Zamani zaidi barua zilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa, na aliyezisambaza ni tarishi wa ofisi, mzee mwenye baiskeli, ambaye aliweza kukwambia barua imetoka kwa nani kabla hujaifungua. Kila kitu kilichofika mlangoni kilikuwa na uso wa mtu.

Jumatano jioni mama akamchinja jogoo. Alisema haiwezekani mtu abebe mzigo wa sendofu tangu Dar es Salaam halafu aupeleke kwenye nyumba isiyo na chakula, na hakuona sababu ya kungoja Alhamisi wakati mwenyewe yuko hapo ng'ambo ya barabara. Akatuma mtoto kumwita. Jirani akaja ameoga, kavaa shati safi la mikono mirefu, akavua viatu mlangoni ingawa tulimwambia asivue. Alimsalimia mama kwa Kisukuma, Mwadila, maana miaka mingi aliyokaa kwetu haikupita bure. Nilimnawisha mikono. Mama mwenyewe ndiye aliyepakua, na nikaona akichukua firigisi na kuiweka juu ya bakuli la mgeni. Nyumbani kwetu firigisi ni ya mume wangu, na asipokuwepo hukaangwa ikawekwa. Kwa hiyo nilielewa uzito wa shukrani ile.

Akala kwa heshima. Akanawa. Akasema, "Wabeja sana, mama. Nashukuru."

"Na mzigo, baba?" mama akauliza kwa upole.

"Mzigo upi, mama?"

"Aliokupa mwanangu."

"Mwanao yupi, huyu wa mgodini?"

"Wa Dar es Salaam."

Jirani akanitazama mimi, kisha akamtazama mama. "Mama, Dar es Salaam sijafika mwaka huu wote. Mimi nimetoka Mwanza."

"Labda umeusahau kwenye gari," mama akasema, na sauti ilikuwa imeshabadilika.

Yule bwana akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi nimeitwa kula, mama. Sikujua kwamba nimeitwa kudaiwa." Akavaa viatu vyake bila kufunga kamba, akaondoka, maji ya kunywa niliyokuwa nimemmiminia yakabaki mezani.

Ningependa kusema yaliishia pale ndani. Hayakuishia. Alhamisi asubuhi habari ilikuwa imeshafika bombani, na bombani haikuwa tena kwamba mama ameuliza na jirani amekana. Ilikuwa kwamba Mkurya kauza vitenge vya sendofu Mwanza. Saa nne akatokea mtu aliyesema amemwona amefunga kitambaa cha bluu kwenye pikipiki. Wenzetu wa kikoba walianza kupita nyumbani mmojammoja kuulizia hela zao, kila mmoja akitanguliza pole. Mke wa jirani alikwenda dukani kununua chumvi, akasalimia, wanawake wawili wakajifanya hawajasikia. Na karashani, huko ndiko kulikoniumiza zaidi, wachimbaji wawili walikuja na viroba vyao vya mawe, wakasimama, wakanong'ona, wakavipakia tena kwenye toroli wakaenda kwingine.

Asiyeishi kwenye machimbo huenda hajui maana ya jambo hilo. Mchimbaji hutoa jiwe lake chini kwa jasho la wiki nzima, halafu analiacha kwa mwenye karasha kwenye foleni, pengine usiku kucha, kwa neno la mdomo tu. Dhahabu iliyo ndani ya kiroba haionekani kwa macho. Mwenye karasha akitaka kupunguza, hakuna mizani itakayomshika. Biashara yote imesimama juu ya jina lake. Mwenye karasha anayeitwa mwizi leo, kesho mashine yake inasimama, na vijana anaowalipa wanarudi kwao. Mtu aliyekula kuku kwetu Jumatano alikuwa hatarini kupoteza kazi yake Alhamisi, na hakuwa ameshika hata uzi wetu mmoja.

Hofu ya mzigo kuliwa njiani ni ya zamani sana katika nchi hii. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walibeba mizigo ya watu kati ya Ziwa na pwani kabla ya reli na kabla ya posta, na mzigo ukikosekana neno la kwanza lilimwangukia aliyeubeba. Mzungu David Livingstone alirudi Ujiji mwaka 1871 akiwa hoi, akakuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja zimeshauzwa na yuleyule aliyekabidhiwa, na Henry Stanley alipomfikia mwaka huohuo alikuwa na mfuko wa barua zake uliokaa njiani muda mrefu. Nawafundisha watoto habari hiyo kila mwaka. Kwa hiyo siwalaumu watu kwa kuogopa. Nawalaumu kwa haraka ya kumpata mwenye kosa, na kwa kumchagua yule anayesemwa kuwa si wa kwetu. Kama mzigo ungesemekana uko kwa Msukuma mwenzetu, tungesubiri mpaka Jumamosi bila kumwuliza mtu.

Mchana ule ndugu mmoja wa mama akashauri jambo lipelekwe sungusungu. Ulinzi huu wa jadi ulianzia huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi, na ntemi wa sungusungu akimwita mtu mbele ya watu, hata akitoka bila hatia hatoki kama alivyoingia. Mama hakukubali wala hakukataa. Nikausoma ule ujumbe kwa macho yangu, nikaona sasa ni lazima nizungumze na shemeji mwenyewe.

Nilimpigia wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya darasa. Kariakoo ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti yake.

"Shemeji, huo mzigo ulimpa Mkurya gani?"

"Mkurya?"

"Umeandika uko kwa kuria."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Jamani, shemeji. Kuria ni wale wa kusafirisha vifurushi. Kampuni. Siku hizi huku wote tunasema hivyo. Sikumpa Mkurya yeyote."

Nikamwuliza jina la dereva. Hana. Namba ya gari? Hana. Alichonacho ni risiti na namba ndefu ya kufuatilia mzigo, na namba ya simu aliyoandika ya mpokeaji ni ya mama, ileile inayolala imezimwa.

Nilimkuta mama uani anapanga michembe kwenye ungo. Nikakaa chini karibu naye, nikamweleza polepole. Aliniomba niusome tena ule ujumbe, nikausoma, akaniomba tena.

"Kwa hiyo kuria si mtu?"

"Ni mtu, mama, lakini si mtu mmoja. Ni yeyote anayeletewa kazi ya kuupeleka mzigo, na kila kituo anakuwa mwingine."

Mama akaweka ungo pembeni. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge chake cha kutokea na kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, akavuka barabara. Nilimfuata kwa nyuma. Nilidhani anakwenda nyumbani kwa jirani, kumbe alikuwa anaelekea karashani, mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga kwa sababu ya vumbi. Akasimama mbele ya mashine. Vijana wakashangaa. Akamwashiria jirani aizime, naye akaizima, na ukimya uliofuata ukafanya hata watu wa barabarani wageuke.

"Nimekusema vibaya bila haki, na imesikika mbele ya watu," mama akasema. "Nami nakuomba radhi mbele ya watu. Mzigo wangu hujauona wala hujapewa. Ni mimi nilisikia nisivyoambiwa."

Wazee wa kwetu wakikosa huwa wanatuma mtu wa kati, jambo linazungumzwa jioni kwa sauti ya chini. Mama alikuwa na haki ya kufanya hivyo na hakuna ambaye angemsema. Aliona kwamba maneno yaliyotembea mchana lazima yarudishwe mchana, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

Jirani alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. "Mama, yameisha," akasema. Halafu akauliza swali ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelisahau kwa yote yale: "Sasa mzigo wenyewe uko wapi?"

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeshika usukani. Akachukua simu yangu, akapiga namba za huduma ambazo shemeji alinisomea kwenye risiti, akasubiri, akakatwa, akapiga tena. Mwisho binti mmoja akapokea na kusoma kwenye kompyuta yake. Mzigo ulipakiwa Jumanne kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mzigo wa jioni hausubiri kupambazuke. Ulifika Mwanza, ukavuka Kigongo kwenda Busisi, ukashushwa Geita Jumatano. Mama aliposikia Busisi akashika kifua na kuuliza kama kivuko kimekwama, maana miaka yote foleni ya kivuko ndiyo iliyokuwa ikila siku zetu. Nikamkumbusha kwamba tangu Juni 2025 kuna daraja pale, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita bila kusubiri mtu. Safari yote ile ndefu ilikwenda vizuri. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha mwisho.

"Umeshapokelewa," yule binti akasema. "Leo mchana, Nyang'hwale. Umesainiwa."

Hapo jirani akanitazama, na wote wawili tukaelewa kwa pamoja. Mwaka 2012 mkoa wetu wa Geita ulipoundwa, na sisi tukapata wilaya yetu, wilaya ilipewa jina la Nyang'hwale lakini makao makuu yakawa Kharumwa. Nyang'hwale yenyewe ni kata nyingine, ina watu wake na maduka yake. Shemeji alijaza fomu vizuri, Kharumwa, Wilaya ya Nyang'hwale, Geita. Mtu wa ofisini akafupisha. Kwenye boksi likabaki neno moja, na dereva wa mchomoko aliyekabidhiwa Geita akapeleka boksi pale lilipoandikiwa. Alipiga simu ya mpokeaji, haikupatikana, akaliacha.

Ijumaa nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Nilipanda bodaboda ya kijana wa stendi yetu, jirani akatangulia na pikipiki yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kuna sehemu barabara inapita kwenye udongo mweusi wa mbuga, na udongo huo ukilowa unajisokota kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mara mbili tulishuka tukakwangua matope kwa vijiti. Jirani viatu vyake vilijaa tope mpaka kwenye vifundo, na hakuna neno la manung'uniko lililomtoka kinywani, yeye ambaye siku mbili zilizopita aliitwa mwizi kwa mzigo huohuo.

Nyang'hwale tulianzia kijiweni kwa bodaboda. Mmoja akakumbuka boksi lililofungwa gundi ya njano, akatuelekeza duka la mzee mmoja. Mzee alikuwa nalo. Alikuwa amelipandisha juu ya magunia ya chumvi lisiguse sakafu, akalifunika nailoni kwa ajili ya matone ya bati lake linalovuja, na juu ya nailoni akaweka karatasi aliyoandika kwa kalamu: mwenyewe hajulikani, asipewe mtu bila kutaja vilivyomo.

Nilishukuru nikanyoosha mikono. Hakunipa.

"Ndani kuna nini, mwalimu?"

"Vitenge, mzee. Vya bluu."

"Vitenge kila mtu anaagiza. Na nini kingine?"

"Miwani ya mama."

Akawaita watu wawili wa jirani waje kushuhudia, akachukua kisu, akapasua gundi. Bluu ikaonekana. Akaingiza mkono taratibu katikati ya vitambaa, akatoa kiboksi cha miwani, akakifungua, akavitazama vioo dhidi ya mwanga wa mlango kuhakikisha havijapasuka, akarudisha. Ndipo akanikabidhi. Tukampa hela ya kutunzia, akakataa, akasema amekaa na mzigo usiku mmoja tu na chumvi yake haikulalamika. Jirani akamshika mkono, akamwambia, "Mzee, mimi nimeitwa kuria siku hizi mbili bila kazi. Kazi yenyewe umeifanya wewe."

Kampuni hizi za vifurushi si jambo baya, na nisingependa mtu asome habari hii akadhani napinga. Ziko kwa sheria, zinapewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, mabasi yanayobeba vifurushi yanatakiwa kuwa nayo pia, na Shirika la Posta limekuwa likipeleka vipeto nchi nzima tangu lilipoanza kazi zake mwaka 1994. Mzigo una risiti, ukipotea kuna mahali pa kudai. Zamani konda akikana ulikuwa unabaki na Mungu wako. Lakini mfumo wote huo unategemea kwamba boksi limeandikwa mahali sahihi na simu itapokelewa. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Namba hizo zipo ili zitumike, na bado wengi wetu tunatuma mizigo kwa jina la wilaya tu.

Ijumaa usiku fundi cherehani alikesha kwa taa ya sola. Aliweza kumaliza gauni la mama na la shangazi mmoja, basi. Sare za wengine zilikuwa bado vitambaa Jumamosi mchana. Mama akaamua kwamba hakuna atakayeshona: kila mwanamke ajifunge kitenge chake kilivyo, kimoja kiunoni, kingine begani. Walipoingia ukumbini wakiimba, wote bluu, hakuna mgeni aliyejua kwamba ilipangwa vinginevyo. Jirani na mkewe mama aliwaketisha meza ya wajomba, na alipopewa nafasi ya kushukuru alimtaja kwa jina lake kamili, akaeleza nani alikwenda matopeni kuzifuata sare zile. Wanawake wa bombani walikuwepo. Walisikia. Jumatatu niliona viroba kwenye foleni ya karasha.

Jumapili asubuhi mama alivaa miwani yake, akaiwasha simu. Kusoma anajua, alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, ni macho tu yaliyomnyima. Akautafuta ule ujumbe, akausoma kwa kidole. Akaniita. "Angalia," akasema. "Ameandika kwa herufi ndogo. Angekuwa mtu, angeandikiwa kubwa. Mtoto angeliona hilo kama angeacha kupiga kelele." Nikaona kweli.

Ninyi mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kokote mnakotuma vitu nyumbani, nawaomba sana. Mzigo wa Kharumwa uandikeni Kharumwa, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na kitongoji na namba ya nyumba kama ipo. Jina la wilaya likae mwisho au lisikae kabisa. Wekeni namba mbili za simu, moja iwe ya mtu ambaye simu yake haizimwi. Mkishatuma, mpigieni mzazi mmwambie kwa sauti: mzigo umepakiwa kwenye gari gani, utashushwa wapi, nani ataupokea pale na simu yake ni ipi. Shemeji yangu sasa anafanya hivyo, na mizigo inafika.